Mrejesho: Kijapani cha kuanzia hotelini na kwenye ryokan

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kama mtu anayejua Kijapani cha salamu na namba tu anaweza kulala hoteli za bei nafuu na ryokan, zile nyumba za wageni za kiasili, bila mkalimani. Inawezekana kabisa.

Hoteli za Tokyo ni mteremko: unaonyesha pasipoti, unapewa ufunguo.

Ryokan ya Hakone, mji wa milimani karibu na Tokyo, ndiyo iliyotaka maneno. Viatu unavua mlangoni, unavaa ndara, nazo unaziacha kabla ya kukanyaga tatami, ile mikeka ya chumbani. Chakula cha jioni huandaliwa kwa saa maalumu, kwa hiyo usichokula kiseme mapema, wakati wa kubuki. Niliwaandikia "butaniku wa tabemasen", yaani sili nguruwe. Jioni mama mhudumu akanionyesha sahani moja moja kwa kidole, akitaja polepole: samaki, tofu, uyoga. Nilimwelewa, nikafurahi mno! Nilipomaliza kula, nikakuta futoni, lile godoro la Kijapani la kukunja, imeshatandikwa sakafuni.

Aliyenishauri nianze na kutaja saa, ubarikiwe sana. Saa ya kula, ya kuoga, ya kuondoka: ndiyo maswali niliyoulizwa mapokezi.