Stuttgart hadi Samedan Februari: Julier, treni ya magari ya Vereina, au gari libaki Chur?

BabaNeema
Wakuu, habari za jioni. Februari tunakwenda Samedan, Uswisi, kumwona shemeji yangu aliyejifungua. Tuko wanne, watoto wana miaka 4 na 7. Gari ni dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele, matairi ni ya misimu yote. Ujerumani nimeendesha miaka sita, lakini mlima wenye theluji sijawahi. Naona njia tatu: kupanda Julier, barabara ya kuvuka mlima, kupakia gari kwenye treni ya Vereina pale Klosters, au kuliacha mji wa Chur tumalizie na treni ya abiria. Mngekuwa nyie mngeshika ipi?

DerevaWaChur
Karibu kwetu, kaka. Julier ni mita 2,284 na huwa wazi mwaka mzima, si kama barabara ya mlimani ya Flüela ambayo majira ya baridi hufungwa. Ila "wazi" maana yake inasafishwa, haimaanishi kwamba ni kavu. Theluji ikizidi wanaifunga kwa saa kadhaa. Siku ya jua naipenda kuliko barabara yoyote. Kule juu kuna vipande viwili vya nguzo za Warumi, vimesimama kando ya njia mpaka leo. Lakini kabla ya njia tuzungumze tairi. Ubavuni kuna mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, au ni herufi M+S (matope na theluji) peke yake?

BabaNeema
Nimeshuka na tochi kuangalia. Ni M+S tu.

MamaZawadi
Basi badilisha, mdogo wangu, hata kama usingesafiri. Tangu Oktoba 2024 Ujerumani haiyatambui tena hayo kuwa matairi ya baridi. Ukipitia Bregenz unakanyaga Austria, ambako kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili, barabara ikiwa na theluji au barafu, matairi ya baridi ni lazima. Uswisi hawakulazimishi, ila ukiziba njia au ukigonga kwa sababu ya tairi zisizofaa, unaweza kubebeshwa lawama na gharama. Angalia na mifereji ya tairi: sheria ya Ujerumani na Uswisi inaridhika na milimita 1.6, lakini Austria tairi ya baridi iliyo chini ya 4 haihesabiki, na kwenye theluji mimi nahesabu ni kipara.

Njia? Kwa familia, Vereina. Unaingiza gari behewani, unazima injini, unavuta hendibreki, mnakaa humohumo ndani. Handaki ni kilomita 19, dakika kama 18 za giza, mnatokea kituo cha Sagliains. Hapo mnafuata bonde kilomita kama 35 tu. Epuka Jumamosi za likizo, foleni huwa ndefu.

DerevaWaChur
Dada, treni inalipiwa, na ukitoka Chur Julier ndiyo njia ya moja kwa moja. Akiwa na tairi nzuri, mchana, hali ya hewa tulivu, mbona anapita vizuri tu.

Ila nitasema ukweli wangu. Msimu wangu wa kwanza nilipanda jioni, cheni za theluji za kufunga kwenye tairi zikiwa bado kwenye mfuko wake, sijawahi kuufungua. Juu ya kijiji cha Bivio gari likaanza kuteleza kinyumenyume, polepole, breki nimekanyaga mpaka mwisho. Likasimama kwenye ukuta wa theluji. Nilipiga magoti karibu saa nzima nikihangaika na ndoano moja nyuma ya gurudumu. Vidole vilikufa ganzi hata sikujua kama nimeishika. Kwa hiyo kaka, cheni zifunge kwanza nyumbani, mara mbili, umevaa glavu. Zinakwenda kwenye magurudumu yanayovuta, kwako ni ya mbele. Ukiona kibao cha duara cha buluu chenye tairi la cheni, hapo ni amri.

Mwanafunzi_Bern
Treni ya abiria isidharauliwe. Chur hadi Samedan ni chini kidogo ya saa mbili kwa reli ya Albula, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi nauli. Ukienda na gari, usisahau stika ya barabara kuu, faranga 40. Siku hizi inanunuliwa hata mtandaoni.

BabaNeema
Treni ya abiria ingenifaa, ila tunabeba kitanda cha mtoto na masanduku manne. Nimeshaongea na fundi, matairi Jumamosi hii. Tutapita Vereina, siku ya Jumanne. Kurudi, kukiwa na jua, nitaangalia Julier asubuhi. Cheni naanza nazo kesho uani.

DerevaWaChur
Safi. Samedan usiku baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukiegesha, acha gari kwenye gia na hendibreki usivute, inaweza kuganda. Waipa ziinue zisiguse kioo. Na maji ya kioo jaza yale ya baridi kali ukiwa bado Stuttgart, kisha nyunyiza mara kadhaa ili yafike mpaka kwenye mipira inayopeleka maji.