Mjadala: Kazi za juani Dar zisimame saa sita mpaka saa tisa mchana?

Mleta mada:
Wakuu, msimamo wangu nauweka wazi. Kuanzia Desemba mpaka Machi, kazi za juani Dar es Salaam zisimame saa sita mchana mpaka saa tisa, kwa sheria, isiwe huruma ya msimamizi. Oman wana mapumziko ya namna hiyo kila kiangazi. Qatar, tangu 2021, ni marufuku kufanya kazi za nje saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, Juni 1 hadi Septemba 15.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba kule joto linapita nyuzi 45, sisi tuna 32 tu. Wanaosema hivyo wanasahau fukuto. Jasho likitoka tu halipozi mwili. Mpaka likauke ndipo linaondoka na joto. Hewa ya Februari hapa imeshiba maji, kwa hiyo jasho linachuruzika bure. Kwa jedwali la Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 40 mtu anazisikia kama 33. Unyevu ukifika asilimia 70, nyuzi hizohizo zinakuwa kama 41. Na hayo ni mahesabu ya mtu aliye kivulini! Anayefunga nondo juu ya slabu hana kivuli, na jua kali laweza kumwongezea hadi nyuzi 8.

Halafu usiku haupoi. Joto linabaki kwenye nyuzi 25 hivi, mtu kalala chini ya bati, asubuhi anafika saiti tayari amechoka.

Fundi wa Mbagala:
Mkuu, joto nalijua kuliko jedwali. Ila kibarua analipwa kwa siku. Ukiondoa saa tatu, bosi naye anakata hela. Zege nalo halisubiri, slabu huwezi kuikatisha katikati. Na Uarabuni vibarua wengi wanalala kambini, wanarudishwa na basi la kampuni. Huyu wa kwetu katoka mbali, Chanika, kwa daladala. Hizo saa tatu akae wapi?

Mleta mada:
Fundi, la kukaa wapi umenibana, na sheria lazima iseme: kivuli, maji ya kunywa, mahali penye upepo. Kuhusu hela, saa zihamishwe, zisipunguzwe: aanze saa kumi na mbili alfajiri, amalizie jioni. Zege limwagwe usiku au alfajiri, tena jua la mchana ndilo linalolipasua. Tunalifunika magunia mabichi tukilihurumia, aliyelimwaga hana hata turubai.

Mchangiaji wa Kariakoo:
Mimi nakubali kusimamisha kazi, ila saa peke yake haitoshi. Kuna siku kaskazi inavuma vizuri mchana kutwa, na kuna siku hata saa nne asubuhi hakuna pumzi, hasa huku kwenye maghorofa yaliyobanana. Hao hao Qatar wana kanuni ya pili: kipimo cha joto na fukuto kwa pamoja, wanakiita WBGT, kikipita nyuzi 32.1, kazi inasimama saa yoyote. Hicho si kipimajoto cha kawaida. Asilimia 70 ya hesabu yake inatoka kwenye kipimajoto kilichovikwa kitambaa kibichi, 20 kwenye ukali wa jua, 10 tu kwenye joto la hewa. Ndicho kinachotufaa watu wa pwani. Mkiandika kwenye sheria "joto likifika nyuzi 40", Dar haitafika hapo na hakuna atakayepumzika.

Fundi wa Mbagala:
Kwenye kipimo naafiki. Lakini nyumba nyingi za mji huu zinajengwa na mtu binafsi, fundi mmoja na vibarua wanne, mkandarasi hakuna. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, watafika kila kiwanja Goba na Kivule? Vibarua wa namna hiyo ndio wengi, na sijaona mmewawekea nini.