Nyie mnaobandika "sanaa ya siri" kwenye mawe ya Iringa, nani anakuja kubandua?

Wakuu salaam. Mods, uzi huu msiuhamishie jukwaa la utani, maana sina utani.

Hapa Iringa mjini kuna mtu, au kundi, limejipa kazi ya kuacha vitu vya sanaa mahali pa wazi ili mpita njia avikute. Vijiwe vilivyochorwa, vinyago, picha ndogo kwenye vipande vya mbao. Jina hawaweki. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Cha kwanza kukiona mimi kilikuwa ua la chaki kwenye kibaraza karibu na Soko Kuu, nikacheka mwenyewe kama chizi. Mvua ikapiga, likaondoka, kwisha habari.

Sasa pandeni jiwe la Gangilonga mkaone. Kuna ndege wa saruji, ukubwa wa ngumi, kapakwa rangi ya mafuta ya bluu, shingoni kafungwa kikaratasi ndani ya nailoni: "Umenipata, nipeleke nyumbani." Nikamshika nimpeleke. Hang'oki! Kabandikwa kwa silikoni, ile ya mafundi aluminiamu. Yaani unanipa zawadi halafu unaigandisha kwenye jiwe? Na pembeni kapulizia nyota tatu za dhahabu juu ya mwamba wenyewe. Jiwe lile lina chembechembe, rangi imeshaingia ndani. Hapo ndipo Wahehe wanaposimulia kwamba Mkwawa alikuwa akipanda kukaa, leo linameremeta kama kadi ya harusi.

Akili zao zikiwatuma Igeleke je? Kule kuna michoro myekundu ya watu wa kale ukutani mwa mwamba. Ukipuliza rangi juu yake, atakayesugua ataondoka na yako na ya kale pamoja. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda michoro ya miambani ya kabla ya 1863, kwa hiyo usije ukalia humu kwamba umeonewa.

Msinijie pia na "mbona Marekani wanafanya". Huko huko Marekani, mwaka 2016, mwanamke mmoja aliyechora kwa akriliki kwenye miamba ya hifadhi za taifa alipewa saa 200 za kazi za jamii, na kukanyaga hifadhi akakatazwa.

Kinachoniudhi zaidi ni hilo la kujificha. Mganga wa kienyeji akipaka tangazo lake pale, namba ya simu ipo, tunampigia tunamtukana vizuri. Huyu tunampigia nani?

Vitu vya kupita vimejaa mkoa mzima: chaki, maua, majani ya mikaratusi, udongo mbichi. Hata nje ya mkoa, waulizeni wafinyanzi wa Kikisi kule Ikombe, Ziwa Nyasa: chungu ambacho hakijachomwa kikinyeshewa kinarudi kuwa tope. Finyanga ndege wako hivyo, asipopata mwenyewe masika yatamchukua.

Jumamosi asubuhi napanda na kisu na ndoo ya maji kumtoa huyo ndege. Zile nyota sijui hata nianzie wapi, mwenye ujuzi aseme. Na wewe mhusika, najua umo humu, njoo tubandue wote. Kama hutaki kujulikana vaa barakoa, mimi nahitaji mikono tu.