Jua Linarudi Dirishani

*Kikundi cha familia. Jumamosi ya mwisho ya Februari, asubuhi*

Mama Pacha: Shikamooni wakubwa. Naandika nimejifungia bafuni. Tangu Jumatatu ni mafua ndani, nje theluji imegeuka tope, na hawa wawili wanagombania blanketi moja tangu kumekucha. Desemba nilikuwa na nguvu. Sasa zimeniishia kabisa.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Pole sana. Umekula?

Mama Pacha: Bado.

Shangazi: Kula kwanza. Blanketi litawangoja.

Dada: Pole mdogo wangu. Wiki hizi ndizo zilizoniliza mwaka juzi. Baridi ikianza watoto hushangilia theluji, sasa wameshaichoka na yenyewe haiondoki. Mimi kilichonifaa ni kutoka nje asubuhi, nusu saa tu, hata mawingu yakiwa yametanda. Mwanga wa nje, hata huo wa mawingu, ni mkali mara nyingi kuliko wa taa zetu, na mwili unautumia kujua saa. Wangu wakitoka asubuhi, usiku hawanisumbui kulala.

Mama Pacha: Dada, kuwavalisha peke yake ni dakika ishirini. Namaliza wa pili, wa kwanza anataka choo.

Dada: Choo kwanza, ndipo nguo. Na inayogusa mwili isiwe ya pamba, pamba ikilowa jasho haikauki upesi, mtoto anatetemeka. Mvalishe sufu, kisha sweta, kisha koti la kukinga upepo. Glavu tafuta zile za mfuko, vidole vinne vikae pamoja vipashane joto.

Mjomba: Mkipanda gari, koti nene livuliwe kabla ya kufunga mkanda wa kiti cha mtoto. Limejaa hewa lile. Gari likigonga linabonyea, mkanda unabaki umelegea. Mfunge kwanza, halafu mfunike koti kwa juu.

Kaka Mdogo: Shikamooni. Si uwapeleke bwawani wakateleze? Jana nimepita, bado limeganda.

Mjomba: Marahaba, lakini hapana! Barafu ya sasa si ya Januari. Inayeyuka na kuganda tena, inalegea kwa ndani, na kwa macho huoni tofauti. Hata ikiwa nene inaweza kukatika. Mtoto asikanyage pale.

Kaka Mdogo: Nimekuelewa Mjomba. Sitawapeleka.

Mama Pacha: Kuna swali limenishinda. Desemba niliwaambia siku fupi kuliko zote imepita, mchana unaanza kurefuka. Leo mmoja kaniuliza: kama mchana unarefuka, mbona baridi haiishi? Ananiona mwongo.

Mjomba: Hukumdanganya. Siku ile huwa karibu na Desemba 21. Ila ardhi na bahari ni kama sufuria kubwa ya maji, huchelewa kupoa na huchelewa kupata moto. Wiki kadhaa baada ya hapo bado zinapoteza joto kuliko zinavyopokea, ndiyo maana Januari na Februari hukaza kuliko Desemba yenyewe. Karibu na Machi 20 mchana na usiku vitakaribia kulingana, na siku hizi ndizo mchana unaongezeka kwa kasi zaidi.

Mama Pacha: Ana miaka mitano, Mjomba.

Shangazi: Niko na Bibi hapa, anasema niandike hivi: "Mjukuu wangu, mtoto hawezi kungoja kitu asichokiona. Saa sita jua likiingia dirishani, angalieni mwanga unaishia wapi sakafuni, mbandike selotepu hapo. Jumamosi ijayo saa ile ile mbandike nyingine. Waachie wenyewe wabandike."

Shangazi: Na hili langu: Jumatano nakuja. Saa nane mpaka saa kumi wako na mimi, wewe unalala. Usifagie kwa ajili yangu.

Mama Pacha: Shangazi, nimelia sasa hivi. Asante. Bibi, shikamoo. Natafuta selotepu.

*Jumamosi iliyofuata, saa sita na dakika tano*

Mama Pacha: Bibi! Mwanga umesogea, shibiri mbili za mkono wa mtoto! Lakini umerudi nyuma kuelekea dirishani, na mmoja analia, anasema jua linatukimbia.

Mjomba: Mwambie linapanda. Jua likiwa chini angani mwanga wake huingia mpaka ndani kabisa. Likipanda, unashuka wima zaidi, hauingii mbali. Mwanga ukikaribia dirisha, baridi inaondoka.

Mama Pacha: Nimemwambia. Amekwenda kujilaza kati ya selotepu mbili, na mwenzake amemfuata. Wamelala hapo kimya, wote wawili. Nje theluji imeanza tena.

Dada: Walitoka asubuhi?

Mama Pacha: Siku nne kati ya saba.

Shangazi: Bibi anauliza, ile ya kwanza ipo?

Mama Pacha: Ipo. Imeanza kuchafuka, nilitaka kuibandua.

Shangazi: Anasema usiibandue.