Sala ya Bwana imekatwa na tangazo la kubeti kwenye harusi yangu. DJ, nataka flashi yangu na laki moja na nusu!

Wakuu salamu,

Wiki mbili nimejikaza nisiandike. Shemeji yenu ananiambia achana nao, mjomba aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ananiambia mambo ya harusi hayapelekwi barazani. Lakini jana jioni nimeletewa video ya harusi, nimeitazama mpaka mwisho, na sasa ni saa nane usiku sijapata usingizi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

DJ nilimlipa laki nne na nusu, taslimu, siku kumi kabla. Sikumwomba makubwa. Nilimwambia kaka, usiku mzima ni wako, piga bongo fleva, piga singeli, piga kwaito watu wapange mistari, mimi sikugusi. Nataka vitu vyangu katika nafasi tatu tu: maharusi wakiingia, ndafu (yule mbuzi mzima wa kuchoma) ikiingia, na dakika ishirini za watu kula. Nikamkabidhi flashi mkononi, nyekundu, GB 16, nimeifunga kipande cha kamba ya kiatu isije ikapotea kwenye lile sanduku lake la nyaya. Nikamwandikia karatasi. Nikamtumia na WhatsApp. Akanijibu kwa kidole gumba.

Sasa niwaeleze mimi ni mtu wa namna gani, maana najua mtaniuliza "kwani ulitaka nyimbo gani za ajabu?"

Ni fundi simu hapa Moshi mjini. Kibanda changu kina upana wa meza moja na nusu. Kazi yenyewe mnaijua: unafungua simu, unapasha bodi kwa bloa, unang'oa sehemu ya kuchajia iliyoungua, unapachika mpya yenye miguu myembamba kuliko ya mbu, na ukihema vibaya risasi imeunganisha miguu miwili, umeua simu ya mtu. Kazi hiyo haifanyiki huku mtu anakuimbia masikioni kwamba ameachwa. Nimejaribu. Unajikuta unasikiliza kesi yake, unataka kujua na yule mwenzake anasemaje, mkono nao umeshakwenda pembeni. Kwa hiyo mwaka wa kumi na moja sasa nasikiliza muziki wa sinema na wa magemu. Sisemi nikiwa nacheza gemu au naangalia sinema. Nikiwa kazini, nikipika, nikiwa kwenye Hiace napanda Kibosho. Ni muziki wangu wa kila siku kama wengine walivyo na rumba.

Maneno nimeyazoea. Wateja wananiuliza, "Fundi, hapa kuna msiba?" Mama mmoja alisikia zile nyuzi nzito zikipanda taratibu, akaniambia huo ni mziki wa Freemason, akachukua simu yake ikiwa imefunguliwa nusu akaipeleka kwa fundi wa upande wa pili. Ikiwa nusu, wakuu! Skrubu zake ninazo mpaka leo kwenye kifuniko cha soda.

Muziki huu niliuanza utotoni, kwenye banda la magemu Majengo. TV game zile za kaseti za njano, shilingi hamsini unacheza mpaka ufe. Mimi hela nilikuwa sina, kwa hiyo nilikuwa nasimama nyuma ya benchi nasikiliza. Nilikuwa najua kwa masikio tu mtu yuko chini ya ardhi au ndani ya maji kwenye Mario, bila kuona kioo. Baadaye nimekuja kuelewa kwa nini zile nyimbo hazitoki kichwani. Mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, ambayo zile zetu za Kichina ziliiga, ilikuwa na njia 5 tu za sauti: mbili za kubeba wimbo, moja ya besi, moja ya mchakacho wa kutengenezea ngoma, na moja ya vipande vidogo vilivyorekodiwa. Basi. Na wimbo wenyewe lazima ujirudie, kwa sababu mtunzi hajui utakaa hapo dakika moja au saa nzima umekwama kwenye shimo lilelile. Koji Kondo, mtunzi wa muziki wa Mario, kapewa njia tano na agizo la kutomchosha mtu hata akisikia mara mia. Mtunzi wa kubahatisha hapo hatoboi. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani imeuweka wimbo wake wa Mario kwenye hazina ya taifa ya rekodi zinazotunzwa, na mwaka 2025 ikaweka na muziki wa gemu la Minecraft wa yule mtunzi anayejiita C418. Halafu mtu wa Moshi mwenye spika mbili za kukodi ananiambia hizo ni "sauti za katuni".

Turudi ukumbini.

Wimbo wa kuingilia niliochagua unaitwa "Baba Yetu". Ni Sala ya Bwana, KWA KISWAHILI, imeimbwa na kwaya. Ameitunga Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya China, kwa ajili ya gemu la Civilization IV la mwaka 2005. Mwaka 2011 ikawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Lugha yetu hii hii tunayobishania bei ya ndizi Mbuyuni! Niliposikia mara ya kwanza nilizima bloa nikakaa chini. Sasa kama kuna wimbo wa gemu unaoweza kuingiza bibi harusi ukumbini mbele ya ukoo wa Walutheri wa Machame, ni upi mwingine?

Milango ikafunguliwa. Kwaya ikaanza. Naapa ilikuwa kama nilivyoiwaza. Wale mama zangu wadogo waliokuwa wanapiga soga meza ya mbele wakanyamaza, wakageuka, wameisikia sala yao. Hakuna aliyejua ni ya gemu na hakuna aliyehitaji kujua. Shangazi yangu, mwanakwaya wa sauti ya pili tangu mimi sijazaliwa, akaanza kuifuatisha. Hajawahi kuisikia, lakini sauti ya pili anaitafuta tu mwenyewe anaipata. Mke wangu akanibana mkono. Tunatembea polepole kama tulivyofanya mazoezi. Na pale hasa, PALE, kwaya inapoomba tusitiwe majaribuni, ikakatika, akaingia kijana mwenye sauti ya furaha:

"Weka buku tu, uondoke na mamilioni! Mkeka wako unakusubiri!"

Ukumbi mzima ulicheka. Siwalaumu, hata mimi ningekuwa mgeni ningecheka. Lakini mimi nilikuwa katikati ya zulia. Mke wangu kasimama, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, hajui ashushe ule au arudishe huu. Shangazi kabaki mdomo wazi kwenye noti aliyokuwa ameishika. Na zile sekunde za kusubiri tangazo lirukwe mimi nilizihesabu moja moja, kwa sababu kule mezani DJ hakuwepo, alikuwa ameenda kuchukua supu.

Maana yake mmeshaelewa. Flashi hakuipachika kabisa. Alifungua YouTube kwa bando, akatafuta jina, akabonyeza ile ya kujirudia saa nzima, na hizo ndefu ndizo zinazokatwa na matangazo katikati. Wimbo wenyewe ni dakika tatu na kitu!

Nilipomfuata akaniambia flashi haikusoma. Kaka. Mimi ni FUNDI. Unaniambiaje mimi flashi haisomi? Ungeniita ningeisugua meno kwa kifutio cha penseli hapo hapo na suti yangu. Siku ya pili hadithi ikabadilika, eti aliisahau nyumbani. Siku ya nne eti alimpa kijana wake. Siku ya tano nikaona tiki mbili za bluu, kimya.

Ndafu sasa. Hapa nilikuwa na jambo langu binafsi. Marehemu mzee wangu alikulia Usa River, na hadithi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya Wazungu waliokuja Momella kutengeneza sinema, wakikimbiza vifaru kwa magari nyikani, yeye akiwa mtoto. Sinema yenyewe ni Hatari! ya Howard Hawks, ilitoka mwaka 1962, ndani yake yumo John Wayne. Muziki ni wa Henry Mancini, na kuna kipande kinaitwa "Baby Elephant Walk", kinapigwa pale watoto wa tembo wanapopelekwa kuoga. Ukikisikia unaona kabisa makalio ya tembo mdogo yakiyumba. Kipande hicho kimetungwa kwa ajili ya picha zilizopigwa hapa kwetu, kikapata Grammy, kimezunguka dunia nzima, na ukiuliza Arusha yote au Moshi yote utapata watu wangapi wanaojua kwamba ni cha huku? Nilitaka ndafu ije nacho, mpishi anayumba nayo mabegani, majani mdomoni, wazee wacheke, mimi nimkumbuke mzee wangu bila kutoa hotuba. Ni hilo tu.

Kilipigwa sekunde kumi labda. MC akachukua maiki: "Jamani, bwana harusi leo katuletea mziki wa katuni! DJ, hebu weka kitu cha wakubwa!" Kikawekwa kitu cha wakubwa. Ndafu ikaingia kwa wimbo ambao nimeusikia kwenye harusi sita mwaka huu.

Na msosi msiniulize. Niliomba vile vipande vya piano vya Minecraft, vya taratibu, watu wasikilizane mezani. Tulipigwa singeli, kijiko kinatembea chenyewe kwenye sahani.

Lakini kinachoniuma kuliko tangazo ni hiki. Huyo MC aliyesema katuni, yeye mwenyewe aliingia ukumbini kwa kishindo, taa zimezimwa, moshi umepulizwa, na muziki wake wa kuingilia ulikuwa "Conquest of Paradise" ya Vangelis. Muziki wa SINEMA. Umetungwa mwaka 1992 kwa sinema ya Columbus. Na yale maneno kwaya inayoyaimba mle ndani si ya lugha yoyote, yametungwa tu yafanane na Kilatini. Yaani sauti zisizo na maana zinamwingiza MC kama mfalme, Sala ya Bwana kwa Kiswahili fasaha ndiyo "mziki wa katuni". Na mpiga video wangu je? Huyo kanifungulia video kwa picha za droni za mlima, chini kaweka muziki wa sinema ya maharamia ya mwaka 2003, ule wa violini za kukimbizana. Nimemuuliza huu ni wa nini, kasema "ni beat tu nimeikuta kwenye mafaili". Mnausikiliza kila wiki! Kwenye mahafali, kwenye kipaimara, kwenye matangazo ya viwanja. Ila mtu akisema anaupenda, akauita kwa jina na kumtaja mtunzi, ndipo anakuwa mgonjwa.

Halafu lililonifanya nisilale: kwenye video, pale tunapoingia, mpiga video kwa wema wake kafuta tangazo. Kafuta na wimbo. Kabandika kwaya nyingine ya Injili, nzuri tu sina ugomvi nayo. Kwa hiyo ninachoona ni shangazi anafumbua mdomo na kufumba, anaimba wimbo ambao haupo.

Madai yangu, DJ, najua unapita humu, na jina lako silitaji kwa heshima ya mjomba. Laki moja na nusu irudi. Laki tatu kaa nazo, watu walicheza, sikatai, hata mimi nilicheza. Nimehesabu nafasi tatu, kila moja elfu hamsini. Usinitumie tena ujumbe wa sauti wa dakika nne kwamba "harusi ilifana". Ilifana, ndiyo. Mimi nadai nilichokilipia.

NYONGEZA, saa 3 asubuhi: Naona wengi mnaniuliza kwani fundi mzima huna kopi za hizo nyimbo. Ninazo zote kwenye kompyuta, flashi siitafuti kwa sababu hiyo. Lile banda la Majengo, kabla mwenyewe hajaliuza, nilikwenda siku ya mwisho na simu yangu nikarekodi. Dakika kama tisa hivi: TV game inalia, watoto wanagombana zamu, mwenyewe anadai hamsini yake, umeme unakatika, wote wanazomea. Nilihamishia kwenye flashi hiyo na simu ile nikaiuza. Iko hapo tu. Banda lenyewe siku hizi ni duka la kubeti.

Nyekundu, GB 16, kamba ya kiatu nyeupe. Nipo kibandani mpaka saa kumi na mbili jioni, hata ukimpa bodaboda ailete nitamlipa mimi.