Mtoto amevimba midomo baada ya kula kamba: tupime damu au ngozi?

Tabibu_wa_Zamu

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kitaalamu.

Mgonjwa ni mtoto wa miaka 9, kilo 25, mkazi wa pwani. Mara mbili sasa, kabla ya dakika 20 kwisha tangu ale kamba wa kukaanga, ametokwa na mabaka ya kuwasha mwili mzima na midomo ikavimba. Hakukohoa, hakutapika. Samaki anakula bila tatizo. Amefika kwangu na majibu ya maabara ya mtaani: IgE ya jumla (kingamwili za mzio) 780 kU/L, pamoja na karatasi ya IgG (kingamwili za aina nyingine) ya vyakula 60 ambayo maziwa, mayai, ngano, maharage na ndizi vimepigwa rangi nyekundu. Kamba hata hayumo kwenye orodha! Mzazi ameelekezwa aache kumpa vyote vitano.

Nipime nini sasa, damu au ngozi? Hiyo 780 niichukulieje? Na dada yake mkubwa alitoka malengelenge baada ya kupakwa piko harusini. Mzazi anauliza kama kipimo cha huyu mdogo kitamfaa na yeye.

Lanseti

Karatasi ya IgG kwanza, maana ndiyo inayomdhuru mtoto leo hii. Iweke kando kabisa. IgG ya chakula inakuambia kwamba mtu amekila, basi. Anayekula ndizi na maharage kila wiki atakuwa na IgG ya ndizi na maharage, na IgG4, tawi moja la IgG, hupanda hata kwa mtu anayekistahimili chakula vizuri. Vyama vya wataalamu wa mzio vya Ulaya, Marekani na Kanada vimekipinga kipimo hiki waziwazi. Ukimnyima mtoto wa kilo 25 maziwa, mayai na maharage kwa pamoja, hujatibu mzio, umemtafutia utapiamlo. Mwambie mzazi avirudishe mezani leo.

Mzio wa haraka kama huu unaletwa na IgE mahsusi, yaani kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya kitu kimoja. Imekaa juu ya seli zenye histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe. Kamba akiingia, zinamwaga. Kwa hiyo unatafuta IgE ya kamba, iwe kwa ngozi au kwa damu. Maelezo uliyoyaandika yana uzito kuliko kipimo chochote: chakula kilekile, muda mfupi, dalili zilezile, mara mbili. Kipimo kinakuja kuthibitisha.

Mimi ningeanza na ngozi.

Andaa upande wa ndani wa kigasha. Acha sentimita 2 kutoka kifundo cha mkono na 3 kutoka kwenye mkunjo wa kiwiko. Andika namba kwa kalamu, nafasi ya sentimita 2 au zaidi kati ya tone na tone. Ukizibananisha, wekundu wa moja unaingia kwa jirani. Lazima uwe na matone mawili ya kulinganishia: histamini ya 10 mg/ml, ambayo inapaswa kuvimba, na maji ya chumvi, ambayo hayapaswi. Kisha tone la kamba (maji ya kupimia yaliyotengenezwa kwa kamba), na la utitiri wa vumbi la nyumbani ukiwa nalo. Choma kupitia tone kwa lanseti (kisindano kifupi) yenye ncha ya milimita 1, lanseti mpya kwa kila tone. Damu isitoke. Ikitoka umezama mno, na uvimbe utakaouona unaweza kuwa wa jeraha tu. Baada ya dakika moja hivi nyonya matone kwa karatasi laini bila kusugua wala kuyachanganya.

Soma baada ya dakika 15 hadi 20. Hapa ndipo wengi wanakosea kwa ngozi zetu: wanatafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima kivimbe chenyewe. Pitisha kidole taratibu uhisi ukingo, uzungushie kwa kalamu, bandika selotepu juu yake kisha ihamishie kwenye faili. Pima kipenyo kirefu na kile kinachokikata katikati, gawa kwa mbili: 8 na 6 ni milimita 7. Kikizidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, ni chanya.

Histamini isipovimba, usiandike "hana mzio". Mara nyingi kuna dawa mwilini. Maji ya chumvi yakivimba, ngozi yenyewe ni ya kuandikika, ile ukiikwaruza kwa kucha inatuna mstari. Huyo mpeleke kwenye kipimo cha damu.

Eosinofili

Nakubaliana na mengi, ila kuhusu 780 mzazi aelezwe vizuri asije akarudi nayo. IgE ya jumla ni jumla ya kila kitu, na kwa watoto wa kwetu minyoo ndiyo inayoipandisha kuliko yote: askaris (minyoo mviringo ya tumbo), safura, kichocho. Haikuambii kama kuna mzio, wala wa nini. Pima choo, na mkojo kama anaoga mtoni au bwawani, mtibu anachokutwa nacho. Usirudie kipimo hicho kila mwezi kuona kama kimeshuka. Kinashuka polepole na jibu lake halibadilishi matibabu ya mzio.

Minyoo inaharibu hata IgE mahsusi ya damu, jambo ambalo wauza vipimo hawalisemi. Huko Ghana watoto wa shule walikutwa na IgE ya karanga kwenye damu, lakini wengi wao ngozi haikuonyesha kitu. Kingamwili zile zilikuwa zinashika vipande vya sukari vilivyopo kwenye karanga na pia kwenye vimelea, kichocho kikiwemo. Kwenye karatasi ni mzio wa karanga, ilhali mtoto anatafuna karanga kila siku.

Ndiyo maana sipendi "paneli ya vyakula 60" hata ikiwa ya IgE halali. Agiza kile ulichokishuku kwenye maelezo. Kwa huyu: kamba, na labda utitiri. Protini kuu ya kamba, tropomiosini, inafanana na ya utitiri na ya mende, hivyo mtoto mwenye pumu ya vumbi anaweza kuwa na kipimo chanya cha kamba na bado akawala bila lolote. Wa kwako amekwisha kuvimba mara mbili, kwake chanya itakuwa na maana.

Damu inafaa zaidi kama hawezi kuacha antihistamini (dawa za aleji kama Piriton), kama ukurutu umemjaa mikononi, au kama pumu yake haijatulia. Mililita 3 kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda zinatosha. Kikomo cha kawaida ni 0.35 kU/L. Namba ikiwa kubwa, uwezekano wa mzio wa kweli unaongezeka. Haikuambii safari ijayo itakuwa kali kiasi gani, na ukubwa wa kivimbe cha ngozi vivyo hivyo.

Tabibu_wa_Zamu

Asanteni sana. Mama amekiri kwamba juzi alimpa Piriton ya duka la dawa. Pia hapa hatuna tone la kamba lililotengenezwa. Naweza kutumia kamba mwenyewe?

Lanseti

Unaweza, na mara nyingine anatoa jibu zuri kuliko chupa, hasa chupa iliyolala kwenye friji ambayo umeme unakatika kila siku. Matone hayo yanataka nyuzi 2 hadi 8. Tumia kamba wa aina aliyokula: mmoja mbichi, mwingine aliyechemshwa. Choma nyama ya kamba kwa lanseti, kisha lanseti hiyohiyo choma ngozi. Jichome na wewe mwenyewe, au mchome mtu mzima yeyote anayekula kamba bila shida. Naye akivimba, ujue nyama ile inawasha ngozi ya kila mtu na jibu la mtoto halihesabiki.

Piriton mpe siku 3 au zaidi zipite. Cetirizine na loratadine siku 7. Amitriptilini nayo inazima ngozi, wiki moja hadi mbili, na watu husahau kuiuliza kwa kuwa haiitwi dawa ya aleji. Prednisolone ya siku chache kwa mdomo haileti shida kubwa. Krimu ya steroidi pale unapochoma ndiyo inaharibu. Montelukast, dawa ya pumu, aendelee nayo. Na kama mara ya mwisho kuvimba ni wiki iliyopita, subiri: wiki 4 hadi 6, maana baada ya tukio kubwa seli zinakuwa zimemwaga kila kitu na kipimo kinaweza kutoka hasi ya uongo.

Kabla hujachoma, adrenalini iwe mezani na bomba la mililita 1 liwe pembeni. Ampuli ya 1 mg/ml, dozi 0.01 mg kwa kilo: kwa kilo 25 ni 0.25 ml, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Akianza kukohoa, kukoroma au kulegea, hiyo ndiyo ya kwanza. Haidrokotisoni na Piriton zije baadaye. Mlaze, miguu juu. Kama anahema kwa shida mwache akae. Rudia baada ya dakika 5 hali isipobadilika.

Bi_Ngozi

Nijibu la piko, naona limesahauliwa. Kipimo cha mdogo hakimfai dada. Malengelenge ya piko hayaletwi na IgE. Ni seli za kinga zinazojikusanya kwa siku moja hadi tatu, kwa hiyo ukimchoma kwa lanseti utapata hasi na utamdanganya.

Mkosaji kwa kawaida si hina. Hina ya majani inatoa rangi ya chungwa hadi kahawia na ni nadra kuleta mzio. Weusi wa piko unatoka kwenye rangi ya nywele, kanta, yenye kemikali ya PPD. Kipimo chake ni cha kubandika mgongoni: vikombe vidogo vyenye vichochezi vilivyochanganywa na vaselini, PPD ikiwa 1%. Vinakaa saa 48, asilowanishe mgongo wala asitoke jasho jingi (kwa joto la pwani, chagua wiki yako). Soma unapovitoa, kisha siku ya 4. Anayesoma siku ya 2 tu anakosa wengi. Kama malengelenge yalikuwa makali, usimbandike 1% kwa saa 48 nzima. Anza na kiwango kidogo zaidi au muda mfupi, la sivyo utampa jeraha jingine. Steroidi za kumeza zinaharibu kipimo hiki, antihistamini hazikisumbui sana.

Hata kabla ya kipimo, asipake tena piko wala kanta, hata za "isiyo na amonia". Amonia siyo shida yake. Asome kama kuna PPD kwenye pakiti.

Eosinofili

Tabibu, kamba akithibitika, waambie na haya. Kaa na kamba koche waondoke naye pamoja. Pweza na ngisi wana undugu wa mbali, wapimwe peke yao. Samaki aendelee, protini yake ni nyingine kabisa. Iodini haihusiki, kwa hiyo mtu asimkatalie dawa ya X-ray siku moja kwa sababu ya kamba. Kupika hakusaidii, tropomiosini inavumilia moto. Kuna wanaobanwa kifua kwa mvuke wa sufuria tu.

Na wachambue dagaa kabla ya kupika, uduvi huwa wamo humo. Chips na samaki wa vibandani waulizie mafuta: karai lililokaangia kamba jioni ile limekwisha kuwa la kamba.