X-Trail NT31 au RAV4 ACA31 kwa mizunguko ya kila siku: mlionazo, tupeane uzoefu

Baba Nasra, Goba

Wakuu, habari za majukumu.

Wiki iliyopita nimeuza Toyota IST yangu. Haikuwa na kosa lolote, kosa ni la barabara ya kwetu. Kutoka lami hadi getini kwangu ni kilomita 3 na nusu, na masika ya mwaka huu nimepasua sampo (bakuli la oili chini ya injini) mara 2 kwenye jiwe lile lile. Mara ya pili majirani walinicheka kabla sijashuka.

Sasa nataka gari ya juu kidogo. Natoka Goba hadi Posta na kurudi, kilomita 50 hivi kwa siku, foleni kama mnavyoijua. Watoto 3 wa shule asubuhi, na mara 2 kwa mwaka tunakwenda Moshi. Nimebaki na mbili: Nissan X-Trail NT31 ya injini ya lita 2.0, na Toyota RAV4 ACA31 ya lita 2.4. Zote za 2008 hadi 2010, za mkononi, namba za usajili za herufi D. Bajeti haivuki milioni 28 na hapo ndani kuna pesa ya matengenezo ya kwanza.

Ombi moja. "Toyota ni Toyota" nimeisikia tangu nazaliwa. Nataka mtu aliyelipa kwa mfuko wake aniambie kilichomkuta.

Mzee wa Kibamba

RAV4, Baba Nasra. Ninayo tangu 2017, nimeendesha kilomita zaidi ya 90,000. Nimebadilisha shokapu za mbele, bushi, linki za stabilaiza mara 3 (hizo zihesabu kama sabuni, zinaisha tu), betri na rejeta. Injini sijaigusa zaidi ya oili na plagi.

Raha yake utaiona kwenye kupita malori. Ile 2.4 ina nguvu za farasi 170, X-Trail ya 2.0 ina 137. Ukiwa na familia na mizigo unapanda kutoka Mombo kwenda Same, tofauti unaisikia mguuni. Karaha yake ni kwenye foleni: kwangu Kibamba hadi Kariakoo inanipa kilomita 8 kwa lita, siku mbaya 7. Usidanganywe na anayekwambia 12. Hiyo ni usiku, barabara tupu, na tuta hakuna.

Na kuna jambo hakuna dalali atakayekutajia. Mlango wa nyuma wa RAV4 hiyo haunyanyuki, unafunguka kwa pembeni kama wa chumbani, na umebeba tairi la akiba mgongoni. Siku moja nimeegesha Mtaa wa Msimbazi, nimenunua magunia 2 ya mchele na ndoo za rangi. Narudi, kuna Noah imenibana nyuma, nafasi haizidi futi moja. Mlango haufunguki. Nikapitisha magunia kwenye mlango wa abiria, juu ya kiti, na mama watoto kashika mwavuli maana mvua ilikuwa imeshaanza. Nyumbani tulipofika tukakuta punje za mchele mpaka kwenye mkanda. Mwaka wa ngapi huu, bado tunaziokota.

Dada wa Feri

Mzee wa Kibamba umenichekesha. Mimi ndiyo maana nina X-Trail.

Nauza samaki wa jumla, nabeba kutoka soko la Feri alfajiri kupeleka kwa wateja Mikocheni na Mbezi Beach. Najua mtasema nitafute pikapu, lakini gari hiyo hiyo saa 2 asubuhi inapeleka watoto shule. Mlango wa nyuma unanyanyuka juu, mvua ikinyesha nasimama chini yake napanga ndoo zangu bila kulowa. Sakafu ya buti ni plastiki ngumu inayotoka, naitoa, naiosha kwa Omo na ndimu, naianika ukutani. Chini yake kuna droo, humo naweka mizani na visu. Harufu ipo, siwezi kusema uongo, lakini ya kuvumilika.

Mafuta: mimi hupata kilomita 9 na nusu hadi 10 kwa lita mjini. Tangi lita 65.

Ubaya: spea. Siyo kwamba hazipo, Gerezani zipo, ila kwa RAV4 unaulizwa "ya Japani, ya Taiwani au ya China?" na kwa X-Trail wakati mwingine unaambiwa "rudi Alhamisi".

Kobe Mkavu

RAV4. Nimemaliza.

Dereva wa Ilula

Kobe Mkavu, hujamaliza, hujaanza. Subiri nieleze mie niliyepoteza gia boksi nzima.

X-Trail hii hii NT31 niliinunua kwa mtu mwaka 2020. Gari safi, rangi inang'aa, mwenye gari mstaarabu. Baada ya miezi 4 nikapeleka kwa fundi mmoja, jina lake nalihifadhi, nikamwambia badilisha oili ya gia. Akaniuliza alete ipi, nikamjibu wewe ndiye fundi. Akaweka ile nyekundu ya kawaida ya gia za otomatiki. Nikalipa, nikashukuru, na chai nikamnunulia.

Mwezi uliofuata nikitoka Dar, nafika mlima Kitonga saa 8 mchana, jua la kupasua kichwa, malori yameshikana mkia mpaka huko juu. Nusu ya mlima gari ikaanza kulia kama mbu sikioni. Halafu ikakosa nguvu. Nakanyaga, mshale wa mizunguko uko 4,000, gari inatambaa kama konokono. Nikaweka pembeni kwenye ukuta wa mawe.

Na hapo ndipo nilipoiua kabisa kwa mkono wangu. Kama ningekaa nusu saa ikapoa, huenda ningefika. Lakini akatokea mwenye Fuso, mtu mwema, akasema nikufunge kamba nikuvute hadi Ilula. Nikakubali haraka haraka. Matairi yote 4 chini, injini imezimwa. Tumefika Ilula, gari haiendi mbele wala nyuma. Fundi wa Iringa akaifungua, vyuma vyote vimekwanguka, oili nyeusi kama lami na chengachenga za chuma zinametameta ndani kama glita za harusi.

Gia boksi ya mtumba, usafiri na ufundi vilinila milioni 3 na laki 4. Gari ninayo mpaka leo, inakwenda vizuri sana, kwa oili yake. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama X-Trail ni mbovu namwambia hapana, mbovu nilikuwa mimi.

Fundi Kipara

Dereva wa Ilula pole, lakini umetoa somo kuliko mafundi 10. Naongezea ya karakana.

Gia ya CVT, ndiyo iliyomo kwenye X-Trail hiyo, haina gia zile za meno za kuhesabu moja, mbili, tatu. Kuna mkanda wa chuma umebanwa kati ya puli mbili, puli zinapanuka na kusinyaa. Kinachobana ule mkanda ni presha ya oili. Oili ikiwa siyo yake, mkanda unateleza, ukiteleza unakwangua puli, vumbi la chuma linazunguka humo humo. NT31 inakunywa NS-2 ya Nissan, au NS-3 iliyokuja baadaye. Siyo ATF, ile nyekundu ya otomatiki za kawaida. Na kuvuta kwa kamba ni kosa kwa sababu pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini imezimwa, matairi yanazungusha vyuma vikavu. Gari ya CVT ikikwama inapandishwa juu ya gari nyingine, hasa ikiwa 4WD, inayovuta kwa matairi yote 4.

Sasa wenye RAV4 msicheke. Hizi ACA31 zilizokuja kwa meli kutoka Japani nazo ni CVT! Naona watu wanakimbia X-Trail "sitaki CVT", halafu wananunua CVT ya Toyota na kuiwekea oili ya kawaida kwa kuwa "Toyota haichagui". Inachagua. Inataka CVTF TC au FE ya kwake. Nimeshazifungua hizo pia.

Baba Nasra, injini zote mbili ni za cheni, kwa hiyo habari ya kubadilisha taimingi belti isikuumize. Kwenye ile 2.4 ya RAV4 angalia kama inakula oili: mwambie muuzaji muende nayo umbali mrefu, vuta kijiti cha oili kabla na baada, chungulia na bomba la moshi. Kwa gia, usijaribu gari ikiwa ya baridi. Kila CVT ya baridi ni nzuri. Iendeshe nusu saa, tafuta kilima, simama katikati, ondoka taratibu. Ikitetema kati ya spidi 20 na 40 kama mtu mwenye homa, iache. Toa D weka R: ikichelewa halafu ikapiga kishindo, iache. Na kabla ya kulipa, lipia fundi wako atoe oili ya gia kidogo kwenye chupa nyeupe muitazame. Usinunue mbuzi kwenye gunia.

Mtu wa Bandari

Kama kuna anayesoma hapa na anataka kuagiza badala ya kununua ya mkononi, aangalie ujazo wa injini. X-Trail ya 2.0 ni cc 1997, RAV4 ya 2.4 ni cc 2362. Nilipoagizia mteja mwaka 2019, ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 5 kwa zinazozidi cc 1000 hadi 2000, zikivuka hapo ni asilimia 10. Na zote mbili zilikuwa zimepita miaka 10, kwa hiyo zikaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Hiyo ni mbali na ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT 18. Tofauti ya cc tu ilimtoa yule mteja kwenye RAV4.

Mkaazi wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu gari ikishapita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza hairuhusiwi kuingia, kwa hivyo hizo za 2008 twaziona kwa wenyewe wa zamani tu. Mimi nina X-Trail ya umbo lililofuata, T32, ya viti 7. Viti vya nyuma kabisa ni vya watoto, mtu mzima akikaa huko magoti yanamgusa kidevu. Chumvi ya bahari ndiyo adui wangu. Kila mwezi naosha chini ya gari kwa maji matamu. Nyie wa Goba mna bahati, mnapigana na mawe tu.

Mama Junior 88

Hivi hakuna anayezungumzia kuuza? Mimi nilipata shida ya ada za chuo za mdogo wangu, RAV4 ikaondoka kwa siku 4 na simu ziliendelea kuingia wiki nzima. X-Trail ya shemeji yangu ilikaa yadi miezi 5, kila anayekuja anatikisa kichwa "CVT, CVT", mwishoni akaitoa kwa bei ya kutupa. Gari ilikuwa nzima kabisa. Roho iliniuma.

Baba Nasra, Goba

Nimesoma yote, na mengine nimemsomea mke wangu. Alicheka ya mchele, akakaa kimya kwenye ya Kitonga.

Mrejesho. Jumamosi nilikodi fundi siku nzima, tukakagua gari 3. RAV4 ya kwanza, Sinza, milioni 27 na nusu, nilishaipenda kabla ya kuiwasha. Nikafanya kama alivyosema Fundi Kipara, nikaiendesha mpaka Madale, nikasimama katikati ya kilima. Wakati wa kuondoka ilitetema, mke wangu akashika mlango. Dalali akasema ni tairi. Fundi akatoa oili kwenye chupa ya maji ya kunywa, nyeusi, inanuka kuungua. Dalali akasema ni kawaida ya Toyota.

RAV4 ya pili ilikuwa nzuri kwelikweli, lakini mwenyewe hakushuka chini ya milioni 31.

X-Trail ilikuwa ya mama mmoja mstaafu, Mbweni. Milioni 22 na nusu. Imekwaruzwa ubavu mzima wa kushoto na geti lake, redio imekufa. Lakini alitoa bahasha ya kaki: risiti za oili ya gia, NS-2, mara 3, na kilomita zimeandikwa kwa kalamu pembeni. Tukaizungusha saa nzima kwenye jua. Kimya. Oili ilikuwa imefifia rangi, harufu ya kawaida. Mama Junior, najua siku ya kuuza nitalia. Nimenunua kwa kujua hivyo, na ile milioni 5 na ushee iliyobaki nimeiweka pembeni kwa ajili ya tairi, bushi na siku hiyo ya kulia.

Jiwe la njiani nimelipita mara 6 sasa. Majirani wamekosa cha kutazama.

Dalali wa ile RAV4 ya Sinza kanipigia jana usiku, kashusha milioni 2. Nikamuuliza kama wameshabadilisha oili ya gia na wameweka ipi. Akaniambia network inakatika.